Ulezi Uliokwisha Kupepetwa

Mjukuu wangu Oresta,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Mwimbi baridi imetushika, ila mahindi tumeshavuna na mama yako Aneti hajambo.

Unauliza kama umechelewa kujifunza gitaa, mtu mzima mwenye vidole vinavyouma. Mimi nilianza nikiwa na watoto watatu. Nilijifungia kwenye stoo ya mahindi nisisikike nikikosea. Bibi yako, Mungu amrehemu, aliniomba, "Baba Aneti, nipigie hata kidogo." Nikamjibu, "Ngoja kwanza niweze."

Tangu hapo, kila nikishika gitaa alileta ungo wake akapepeta ulezi pale mlangoni. Siku moja nikatoka, nikaona ulezi wenyewe ni safi, hauna kapi hata moja. Nikamcheka, "Sasa unapepeta nini?" Akainamisha uso, akaendelea kupepeta.

Nilikuja kuelewa tulipokwisha kumzika. Leo napiga vizuri, waumini wa kigango kizima wananisifu, nami sioni raha yake.

Jumapili nipigie simu, uiweke karibu na gitaa. Ukikosea usiache, endelea tu. Nitakuwa nimekaa pale mlangoni.

Babu yako