Karibu, Kasuku

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, na mama kikohozi kimempungua. Pole na goti.

Ile redio niliyoifunga juu ya paa, mnayoisikiliza kwa intaneti, imepata wasikilizaji wengi, na kila mmoja nimemfungulia akaunti yake. Juzi ulipoingia kwenye yako, ukanipigia simu: "Imeniandikia 'Karibu, Kasuku'. Kasuku ndiye nani?"

Nikakudanganya kwamba kompyuta humpa kila mtu jina la ndege. Ukafurahi, ukawaonyesha majirani. Jana ukaniuliza, "Na wifi yangu kapewa ndege gani?" Nikasingizia mtandao mbovu.

Shangazi, jina hilo niliandika mimi. Siku ile nilipokufungulia akaunti tulikuwa tunakucheka, mimi na binamu zangu, kwa vile ukianza kuongea hupumui. Nilidhani nitaliona mimi peke yangu. Nimeona haya hata kumwambia mama.

Nimeshalifuta. Sasa utakaribishwa kwa jina lako, na nenosiri ni lilelile. Ukitaka kunisema, nipigie. Sitakukatiza, nitasikiliza mpaka umalize mwenyewe.

Nisamehe,
Mtoto wa kaka yako