Alama Mbili kwenye Tai ya Kwaya

Baba Akinyi,

Pikapu imenyamaza. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla ya watoto. Watoto wako salama, Mungu ni mwema.

Unakumbuka uliiinua mwenyewe ikae juu zaidi, ipite matope ya Luanda Kotieno, ukaacha shokamzoba za zamani, ukasema utatafuta za kuifaa ukipata nafasi. Nafasi haikuja. Tangu tukuzike, kila gurudumu ikiingia shimo, ngo! Mimi na makreti ya samaki tunaruka pamoja. Juzi nikasema basi, nikaipeleka kwa fundi huku Obunga.

Alinitolea ndefu kuliko zote. "Mama, gari imeenda juu, weka ndefu umalize maneno." Nilikuwa karibu kukubali. Halafu akapiga jeki, gurudumu ikaning'inia, na mimi nikakuona.

Ile Jumapili. Umetoka kanisani, umelala chini ya gari na shati nyeupe. "Nishikie hapa juu, Nyar Asembo," ukaniita kwa jina la kwetu, binti wa Asembo. Nikashika ncha kwenye bolti bila kuangalia. Ukapima gurudumu ikining'inia, ukaweka alama ya grisi kwa kidole. Ukaipandisha mpaka ikagusa ule mpira wa kuizuia huko juu, ukapima tena, ukaweka ya pili. Kuangalia nimeshika nini, ni tai ya kwaya! Nilikusema mpaka jioni. Wewe unacheka tu: "Fupi itavutwa ing'oke, ndefu itabanwa ipasuke. Tai inafuliwa."

Haikufulika. Baba Akinyi, nisamehe. Siku ya kukuvalisha niliona aibu ya ile grisi, nikamwomba ndugu yako tai yake. Ukalala na tai ya mtu mwingine. Hiyo nimeibeba moyoni, hata kwa maombi nilikuwa nairuka.

Basi nikakimbia nyumbani, nikaitoa sandukuni. Fundi kuiona: "Mama, leo gari inaenda harusi?" Gereji yote ikacheka, hata mimi. Lakini tulipima. Ile ndefu yake, hata ikibanwa mpaka mwisho, bado ilipita alama ya karibu, ile ya gurudumu ikiwa juu. Ingepasuka nikiwa na mzigo. Tukapata jozi nyingine: ikibanwa inabaki ndani ya alama ya karibu, ikivutwa inapita ya mbali kidogo tu. Fundi akaacha kucheka. "Nani alikupimia, Mama?"

"Bwanangu," nikasema. Sikusema marehemu.

Leo nimeenda Luanda Kotieno na kurudi. Hakuna ngo. Nimeimba ile besi yako njia nzima, tena vibaya, na samaki hawakulalamika.

Kama ile tai ingekuwa safi, ningekuzika na vipimo vya gari yetu. Mungu ana njia zake, na safari hii alipitia kwa grisi. Nimeacha kulia juu ya hiyo.

Pumzika, mume wangu. Ndugu yako hajaulizia tai yake, kaa nayo mpaka tuonane. Yako nimeitundika hapa ndani ya pikapu, karibu na usukani. Nakuahidi sitaifua.

Mama Akinyi