Asikae Mtu Juu ya Tin Hau

San Francisco,
9 Machi 1969

Kwako Dada Suey Lin, mpendwa wangu,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi yasiyopungua. Natumaini baridi ya Chicago imewahurumia, na kwamba shemeji na watoto ni wazima. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo, ila si kiasi cha kumzuia kunigombeza.

Dada, wewe uliyepiga pasi mashati ya watu ili mimi nisomee usanifu majengo, unastahili taarifa kamili. Ofisi ya mipango iliyoniajiri imeazimia kuujenga upya mtaa wetu wa Wachina. Nilikabidhiwa kuchora jengo litakalochukua mahali pa hekalu la Tin Hau, Mungu Mama wetu wa bahari, pamoja na vyumba vya wazee vilivyo chini yake. Sharti lilikuwa moja: chama cha hekalu kiukubali mchoro, la sivyo kiwanja kigeuzwe maegesho ya magari.

Nilimweka Tin Hau chini kabisa, mlango mpana, wazee wasihangaike na ngazi. Juu yake vyumba vyao; na kileleni, kwa agizo la mkuu wangu, Bwana Pruett, nyumba za matajiri wapendao kutazama ghuba. Sikuisahau desturi yetu kwamba hakai mtu juu ya kichwa cha mungu. Nilijiaminisha tu kwamba zege nene lingehesabiwa kuwa mbingu.

Niliwasilisha hoja zangu kwa ufasaha mbele ya mkutano wa chama. Nilipomaliza, Mzee Ong, mwenyekiti wa chama, aliuliza kwa upole vyoo vingekaa wapi. Kabla sijajibu, Mama akadakia kutoka nyuma: "Kichwani pake, wapi tena! Mwanangu kasoma weee, sasa anataka watu wafulie soksi juu ya Tin Hau!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibi mmoja akaniambia nilale kwanza chini ya choo cha jirani, ndipo nije kuwasifia hilo zege.

Nilichora upya: Tin Hau kileleni, ghuba yote mbele yake, lifti kwa ajili ya wazee, matajiri hawamo. Mzee Ong akavirusha vile vibao viwili vya mti vya ramli kumuuliza Tin Hau mwenyewe. Kimoja kikalala chali, kingine kifudifudi: amekubali. Bwana Pruett, kwa upande wake, alisema mandhari ile ni ya kuuzwa, si ya kupewa sanamu, akaniamuru niurudishe mchoro wa kwanza. Nikaupeleka wa pili mbele ya baraza la jiji, kwa jina langu. Ukapita. Wazee hawatahamishwa mtaani.

Sasa, Dada, lile ninalolizungukia tangu mwanzo. Meza yangu ofisini, ile uliyowatangazia majirani zako wote, si yangu tena. Nilifukuzwa siku iliyofuata.

Chama kilimwuliza Tin Hau kama kiniajiri nisimamie ujenzi. Vibao vyote viwili vikalala chali, na maana yake waijua: alicheka. Mama akasema hata yeye angecheka. Mzee Ong akaamua kwamba kucheka si kukataa, akanikabidhi funguo.

Ukikasirika nitakuelewa. Lakini ningefurahi zaidi nawe ukicheka.

Wape watoto salamu za mjomba wao, na Mungu Mama awafunike nyote kwa kivuli chake.

Mdogo wako mtiifu,
Mah Gim Sun