Ile Objektifu ya Kioo Ulinipatia

Ngungu, mwezi wa tano 2000

Kwako kaka Valentin, kule Ntoto,

Nakusalimia sana, kaka, salamu za mikono miwili na kofia chini. Uko namna gani? Mafua ya pori ya Walikale ilishakuachilia? Na kamio yako ya kubeba mizigo, ingali inakohoa kuliko wewe? Huku sisi tuko, Mungu anatulinda. Siku hizi risasi zinasikika mbali, na soko ilifunguka tena. Mimi niko muzima, nimenona kidogo, na ningali fotografe mukubwa kuanzia Sake mpaka mwisho wa barabara. Mwenye atabisha, umuulize mwingine ni nani.

Barua yako ilinifikia kwa mukono wa shofere Lévi. Unauliza kwa nini ile siku ulipakia bidhaa za duka kukimbia vita, ulipita kwangu kuniaga, na dada yangu Jeannette akakuambia siko. Unasema uliona viatu vyangu ku mulango. Kaka, nilikuwa ndani. Nilikuwa nyuma ya pazia, nakuangalia, roho inaniwaka. Ngoja nikuelezee yote, usikasirike mbele ya kufika mwisho.

Unakumbuka ile objektifu ya zamani, jicho ya apareyi yangu ya foto, ulininunulia Goma kwa muzungu mwenye alikuwa anarudi kwao, ile fupi na nene kama kopo ya maziwa ya unga, yenye kuvuta vitu vya mbali. Ku bariyeri ya barabara kule Sake waaskari walisema ni kombora, wakanikalisha mu matope. Wewe njo ulivua kofia, ukawaambia huyu ni ndugu yangu, anapigaka foto za ndoa, muangalie ndani. Mukubwa wao aliangalia, akaona sura yake mu kioo kule chini, akajipapasa ndevu, akatuachilia. Nilisema siku ile: mimi na Valentin, ni kaburi tu itatuachanisha. Kumbe kaburi ilikuwa mbali, kioo ilikuwa karibu.

Objektifu ile iko na kiburi, inafanana na mimi. Ukitetemeka kidogo, foto inaharibika. Jua ikipungua, inakataa kazi. Unazungusha pete yake pole pole mpaka sura itoke mu ukungu. Na matone ya mvua yenye iko nyuma ku majani, inayageuzaka viduara vya mwangaza, kama biskuti zenye tundu. Wamama wa parokia wanasema ni mataji ya watakatifu. Mimi siwabishie, na sasa kila mutoto wa komunyo ya kwanza anataka foto yenye mataji.

Sasa Emérita, ule binti nataka kuoa. Nilikuwa nimekuomba wewe ukuwe musemaji wangu wa posa kwa baba yake. Sikukuambia kwamba nilikuwa nakuogopa. Uko na kamio, uko na duka, unajipakaa manukato hata siku ya kupakua chumvi, unasema Kifaransa mpaka mbwa zinanyamaza. Mimi niliachia shule mapema, walimu hawakuwa na kitu tena ya kunifundisha. Kila mara ulimusalimia Emérita, nilikuwa nahesabu meno yenye anakuonyesha. Kwangu anachekaka na mawili, matatu. Kwako niliona mpaka magego.

Siku moja ya soko, ungali huku, nilipanda kilima juu ya kanisa na apareyi. Nilisema naenda kupiga foto ya ngombe. Uongo, nilienda kuwachunga ninyi. Nikafunga jicho moja, nikazungusha pete, na mukatoka mu ukungu wote wawili: wewe na shati yako ya mistari, Emérita kando yako bega kwa bega, mukono wake umeinuka mpaka ku shavu lako, anacheka meno yote. Nikafyatua. Sikutetemeka hata kidogo. Wivu njo ilinishikilia mukono.

Pelikule ya apareyi ilienda Goma kusafishwa, ikarudi, na mimi silali. Foto ilikuwa ile ile: mukono ku shavu, na viduara juu yenu kama maua ya harusi. Nikajiambia: mutu anaweza kudanganya, lakini hii objektifu iko na kioo ndani, na kioo inaonyesha tu yenye iko. Nikakufuta mu roho. Baba ya Emérita nilimuambia angoje kwanza, sababu ya vita. Aliitika. Vita inafaa ku kila uongo.

Juma iliyopita Emérita alifika mwenyewe, mikono ku kiuno, akaniuliza kama mimi ni mwanaume ao ni nguo ya mwanaume tu. Nikamutupia foto. Badala ya kulia, alicheka. Akanikokota mpaka ku kilima, akaniweka apareyi ku jicho, akaniambia nimuangalie Mama Nyirabagenzi, ule bibi wa kiko. Nikaangalia: bibi na katekista wanapigana busu, muchana kweupe! Akaniambia nifungue jicho ingine. Nikafungua. Bibi alikuwa chini mu viazi, katekista anapita kule nyuma ku barabara, kati yao shamba nzima, mutaro, na ngombe zinakula. Ile objektifu inavutaka ya karibu na ya mbali, inabananisha yote kama nguo mu valize ya safari.

Na ninyi vilevile: wewe ulikuwa ku mulango ya duka, yeye huku mbele mu shamba ya mama yake. Nikamuuliza basi mukono alimuinulia nani. Akasema aliona kitu inang'aa ku kilima, akajua ni mimi, hakuna mwingine mu Ngungu mwenye kung'aa vile bila sababu. Alikuwa ananisalimia, na mimi sikujibu.

Yale meno yote, kaka. Yalikuwa yangu.

Kitu moja inabakia, na Emérita anasema nisipoandika, ataandika yeye. Foto yenye nilimutupia ilikuwa haina kichwa yako. Niliikata na wembe ile siku ulienda. Hiyo kichwa iko mu hii bahasha, uangalie isianguke. Mwili yako ingali huku Ngungu, inasimama ku mulango ya duka na shati ya mistari, inangoja. Baba ya Emérita naye anangoja musemaji. Kuja na kichwa yako, tuibandike. Lakini nakuambia mapema: tutaibandika ikiangalia upande wa duka.

Jeannette anakusalimia, anaomba musamaha kwa uongo yenye nilimutuma. Emérita naye anakusalimia. Kidogo tu.

Ni mimi Straton, fotografe, mwenye wivu mingi na rafiki mumoja.