Njaa ya Mchungaji

Sydney, 6 Desemba 1998

Mdogo wangu 'Isileli,

Salamu zikufikie wewe, mkeo Telesia, watoto na waumini wako wote huko kisiwani Vava'u. Mimi ni mzima, isipokuwa goti linalalamika kwa kusimama kutwa pale jikoni kwenye makao ya wazee ninaowapikia. Joto la huku nalo limewahi mwaka huu.

Telesia amenipigia simu. Usimgombeze. Kaniambia sukari yako imepanda mpaka daktari akakutolea macho, na kidonda cha kidole gumba cha mguu kimegoma kufunga. Najua, kwa mila yetu dada na kaka hawazungumzi habari za mwili. Lakini baba hayupo, mama hayupo, mkubwa ni mimi. Nasema, nawe utasikia.

Sikuhubirii, kuhubiri ni kazi yako. Nina swali tu, na nina hamu kweli ya jibu lake. Hivi, ni lini mara ya mwisho uliposikia njaa? Sisemi hamu. Njaa yenyewe, tumbo kunguruma. Fikiri kwanza ndipo ujibu.

Pipa langu la kila mwaka la nyama za kopo limeshapanda meli.

Dada yako,
Kalolaine


Vava'u, 27 Desemba 1998

Dada Kalolaine,

Tunakusalimu sote, na pole kwa goti. Pipa limefika salama, watoto wamelizunguka kama harusi. Telesia sikumgombeza. Nilimnunia nusu siku, kisha nikasahau nilichonunia.

Swali lako nililicheka. Halafu likanikalia kichwani, nikaanza kuitafuta hiyo njaa kama mtu aliyepoteza miwani. Asubuhi sijavaa shati, Pisila mke wa Feleti wa kwaya yuko mlangoni na maandazi na chai ya maziwa. Mchana kuna msiba, mbavu za kondoo zinaelea kwenye mafuta yake. Jioni ni kwaya, na kwaya haiimbi bila kula. Mchungaji ndiye wa kwanza kupakuliwa, na asipoomba cha pili watu wanatazamana.

"Mchungaji, hukupenda?"

"Nimependa sana, mama."

"Mbona umeacha, sasa?"

Nakula cha pili.

Kwa kweli nadhani njaa na mimi tuliachana siku niliyowekewa mikono ya uchungaji. Ila katika kutafuta nimeona kitu cha ajabu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuushika mkono wangu akaupeleka mdomoni. Mkono ulikwenda wenyewe.

Jana nikajaribu. Maandazi ya Pisila niliyapokea, nikashukuru, nikayafunika. Kabla ya mchana tumbo likanguruma! Nikamwita Telesia aje asikie. Akainama, akasikiliza, akasema, "Ni wewe au ni mbwa yuko chini ya nyumba?"

Lakini sasa wiki ya maombi ya mwaka mpya imefika, kila siku ukoo mmoja unaandaa meza. Feleti ana nguruwe watatu wamenona mpaka hawawezi kugeuka. Nifanye nini?

Mdogo wako,
'Isileli


Sydney, 11 Januari 1999

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama, na kidole kimepata nafuu. Najua barua hii itakukuta wiki ya maombi imekwisha na umeshaamua mwenyewe. Ni vizuri. Mkono ni wako, umekwisha sema.

Ila kama kuna uliyemkasirisha, usimtume mzee wa kanisa kwenda kupatanisha. Nenda wewe. Nenda siku ya kawaida, bila taarifa, uone wanaishije. Mimi hapa nimewapikia watu miaka, na bado sijui wanakula nini wakiwa peke yao.

Niandikie yote. Usinifiche kwa sababu mimi ni dada.

Kalolaine wako


Vava'u, 7 Februari 1999

Dada mpendwa,

Hatujambo, goti linaendeleaje? Kaa chini nikusimulie.

Siku ya Feleti meza ilianzia mlangoni ikaishia kwenye mnazi. Mimi nikachukua kipande cha kiazi kikuu, samaki mmoja na majani ya majimbi, nikasema inatosha.

Pisila akasimama. "Mchungaji, nguruwe ana kasoro?"

"Hana, mama."

"Basi mwenye kasoro ni mpishi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Jumapili benchi lao likawa tupu, na katikati ya sala yangu nikaisikia sauti nzito ya Feleti ikiimba kwenye kanisa la ng'ambo ya barabara. Dada, besi kama ile hatuna nyingine. Kwaya yetu sasa inasikika kama kuku.

Barua yako ilipofika, Jumanne nikaenda. Niliwakuta wamekaa chini wanakula. Pisila akarusha kitambaa juu ya sufuria.

"Mchungaji! Si ungetuma mtu aseme unakuja!"

"Nina njaa," nikamwambia. Na ilikuwa kweli, nilitembea kwa mguu na sikuwa nimekula.

Akafunua. Muhogo wa kuchemsha na tambi za pakiti. Basi. Nikawatazama wale watoto sita wakiramba mchuzi wa chumvi. Nikauliza, kwa ujinga wangu, "Feleti, wewe si unavua? Samaki wako wapi?"

Feleti hakuinua macho. "Tuliwauza tukanunua kondoo wa meza yako. Nguruwe ndio wale uliowakataa. Ulidhani vinatoka wapi?"

Sikuwahi kudhani chochote, dada. Sikuwahi kuuliza.

Nilikula bakuli langu lote, kisha nikavua kiatu nikawaonyesha kidole. Pisila akashika kichwa. "Mungu wangu, mbona hukusema? Mimi mwenyewe nina vidonge vya sukari. Nashushia na andazi!" Tukacheka mpaka watoto wakatushangaa. Feleti alicheka kidogo, lakini hakusema atarudi.

Nimetangaza kanisani kwamba mchungaji aletewe kile tu mlichowapikia watoto wenu. Wengine wamepumua. Wengine wanasema naliaibisha jina la kijiji.

Sasa naomba jambo gumu. Pipa la mwaka huu usilitume. Siwezi kumwambia Pisila hivi huku Telesia anafungua kopo. Wengi wetu hapa ni wagonjwa, na mafuta yale tunayapenda kupita kiasi. Usikasirike.

Mdogo wako,
'Isileli


Vava'u, 16 Mei 1999

Dada,

Salamu. Barua yangu ya Februari ilikufikia? Telesia alipiga simu mara mbili, mwenzako wa nyumba akasema umelala.

Kidole kilikatwa mwezi wa Machi. Nilianza vizuri lakini nilianza nimechelewa, na kwa hilo sina wa kumlaumu. Natembea. Sukari imeshuka, daktari amenipa mkono wa hongera.

Feleti alirudi Pasaka. Hakueleza kitu, alisimama tu mahali pake akaimba. Pisila amelima mchicha nyuma ya nyumba na anawagombeza wanakwaya wote wakiomba cha pili.

Kama nilikukosea, niambie. Kukaa bila sauti yako ni kugumu kuliko kukaa bila kidole.

'Isileli


Sydney, 22 Agosti 1999

'Isileli, mdogo wangu,

Nakusalimu na machozi, na Telesia, na watoto. Pole kwa kidole. Pole tena.

Nilikasirika, sikufichi. Lile pipa lilikuwa mdomo wangu kwenu. Kila kopo nililotia nilikuwa naona uso wa mtu. Uliposema nisitume, nilisikia kama umesema nisije. Niliitupa barua yako kwenye kabati nikasema, haya, wajilishe wenyewe. Hata habari ya kidole ilinikuta nimenuna, nikaona aibu kuandika.

Hapa kazini kuna mzee mmoja Mgiriki. Kila siku anarudisha sahani nusu, nami kila siku nabadilisha mapishi, naongeza siagi, naongeza jibini. Mwezi uliopita nilimfuata mezani, nikamuuliza kwa ukali, "Baba, chakula changu kina nini?" Akavuta kiti cha pembeni. "Hakina kitu. Kaa."

Nikakaa, aproni na yote. Akaniuliza natoka wapi, nina ndugu wangapi. Nikamweleza habari zako. Nilipotazama, sahani ilikuwa nyeupe, amekula yote.

Siku ileile nikaenda kukata tiketi. Nitafika Novemba.

Nawajua nyinyi. Kwa dada mkubwa mtachimba tanuri la ardhini kubwa kuliko kaburi la chifu, Feleti atafunga nguruwe, na Pisila hatalala. Nakataza. Nilishakuambia mkubwa ni mimi, na leo kwa ukubwa huo nakuamuru. Siku hiyo pikeni kile ambacho mngekula hata kama nisingekuja, halafu mnisogezee mahali pa kukaa.

Dada yako,
Kalolaine