Mahali pa Kumsindikiza Mgeni

Mdogo wangu Mwakio,

Tangu nianze kukuandikia nimeinuka sijui mara ngapi. Nimechemsha chai nikaisahau, nimefuta meza iliyokwisha kufutwa, nimechungulia dirishani kumtazama Mama. Yuko chini kwenye kituo cha basi na Mama Furaha, yule Mkongo wa kanisani kwetu. Basi limepita, jingine limepita, na wao bado wanaongea. Mama anamsindikiza mgeni. Tangu umlete kwangu hapa Thornton Heath, London, hiyo ndiyo kazi yake, na amenawiri hata mashavu yamerudi. Sasa viza yake inakaribia kuisha na anataka kurudi kwako Arizona. Mimi sitaki. Hilo ndilo linaloniinua kitini. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na kwa sababu si sisi peke yetu tulio na mzazi aliyefungiwa ndani ya nyumba nzuri.

Unakumbuka kile chumba chako cha Norbury, juu ya duka la yule Mhindi aliyezaliwa Kisumu? Kila Jumapili ulikuja kula kwangu, kisha nakusindikiza. Tukifika mlangoni kwako unasema haifai dada arudi peke yake, unanirudisha mpaka kwenye ule mzunguko wa barabara unaoitwa Pond. Hapo nami nageuka nawe tena. Mvua inatunyeshea, tunacheka kama wendawazimu, kila mmoja anangoja mwenzake achoke kwanza. Ndani tulikula tu. Mambo makubwa yote tuliyaongea njiani. Ni njiani uliponiambia unakwenda Marekani. Nilijitia kufurahi, kisha nikakaa kwenye benchi la kituo nikalia, na wewe ukasimama mbele yangu kunikinga watu wasinione.

Tabia hiyo ni ya Mama. Kule nyumbani Wundanyi hakuna mgeni aliyeachwa mlangoni. Mama anateremka naye mlima mpaka barabarani, hata kama nyama iko motoni, na inayoungua ni nyama.

Marekani ukapata kazi ya kutandika mazulia kwenye nyumba mpya. Kazi hiyo haikai mahali pamoja: mji unapotanuka, wewe unaufuata ukingoni. Na mimi kila nikipata likizo wodini nakufuata wewe. Kwanza ilikuwa nje ya Boston. Pale kila nyumba imejificha msituni kwenye kiwanja chake kikubwa, na jirani unamjua kwa taa yake tu. Lakini palikuwa na kijiji cha zamani katikati, kanisa na duka la mikate, na tulipokwenda kwa miguu tulifika, ingawa viatu vilinitoa malengelenge. Kisha Atlanta. Loo, Atlanta! Misonobari mizuri, na barabara zinazoingia, zinazunguka, zinakufa. Dirishani kwako nilimwona mwanamke Mkenya akianika nguo nyuma ya uzio, nikakwambia twende tukamsalimu. Ulichukua funguo za gari. Tulitoka mpaka barabara kuu, tukaizunguka dunia, ndipo tukafika kwa mtu ambaye ningeweza kumrushia chungwa.

Houston ilinichanganya zaidi. Tambarare tupu, na hakuna anayeuliza nini kijengwe kando ya nini: kanisa, fundi wa matairi, nyumba za watu, ghala, halafu barabara juu ya barabara. Nilipotaka kutembea kwenda kununua maziwa, dereva mmoja alisimama kuniuliza kama nimeharibikiwa na gari. Wewe ulicheka wiki nzima. Ukasema kila nikija kwako nakuja kukagua kama mtu wa baraza la mji.

Halafu Phoenix, huko Arizona. Nilidhani jangwani watu watatawanyika wanavyotaka, kumbe huko ndiko walikobanana. Nyumba zimegusana mabega, jirani akipiga chafya unamsikia, kwa sababu pasipofika bomba la maji hapana nyumba. Nikasema hapa angalau kuna watu karibu. Ukanionyesha ukuta. Ukuta kuzunguka kila ua, ukuta kuzunguka esteti nzima, geti moja, na kokoto badala ya majani. Nyumba zote rangi ya mchanga, milango yote sawasawa. Ndipo ukamleta Mama.

Sitaki kukuumiza kwa kurudia yale, lakini wasomaji hawayajui. Mama Njeri, Mkenya mwenzetu wa huko Phoenix, alikuja kumwona Mama akiwa na gari lake. Wewe ulikuwa kazini. Wakati wa kuaga, Mama akaingia garini kumsindikiza, akafika naye getini, akashuka, akamwambia safari njema, nami narudi polepole. Kwa Mama hapo ametimiza. Mama Njeri naye hakushangaa, kwa sababu hata yeye ni wa kwetu. Kisha Mama akageuka, na machoni pake nyumba zote zilikuwa zako. Akajaribu ufunguo wake kwenye milango ya watu. Mmoja alimfokea kutoka ndani. Jua la mwezi wa saba, mtu ana goti bovu, hakuna kivuli wala pa kukaa. Mwanamke wa Meksiko aliyekuwa akifanya usafi nyumba ya jirani ndiye aliyemkuta ameegemea ukuta, midomo imekauka, na ndiye aliyeita ambulensi.

Ulinipigia kutoka hospitali. "Dada, alishuka garini ili arudi kwa miguu. Nani anafanya hivyo?"

"Sisi," nikakwambia. Kisha nikakukatia simu, na hapo ndipo tulipoanza kununiana.

Alipopata nafuu ukamleta kwangu. Sisemi London ni peponi. Jirani wa chini hajui jina langu, na ngazi hizi zinamtesa Mama. Lakini akifungua mlango kuna njia ya kukanyaga, duka la mihogo, kituo chenye benchi. Hata binti yangu, anayemjibu bibi yake kwa Kiingereza kutwa nzima, siku hizi anawatoa marafiki zake mpaka kituoni bila kuambiwa. Basi nikadhani nimeshinda. Juzi tukirudi kutoka sokoni Tooting nikamwambia Mama tuanze kuuliza habari za kumwongezea viza. Hakunitazama.

"Wewe una watu," akasema. "Yule mdogo wako anaingia kwenye nyumba ya giza, hana hata wa kumwambia karibu."

Niliona wivu, Mwakio. Nilikasirika kama mtoto. Nilimfikisha nyumbani, nikatoka tena, nikatembea mpaka Norbury. Mlango wako umepakwa rangi nyingine. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akanitazama vibaya, kisha nikarudi peke yangu, na njia ile sikuwahi kuiona ndefu hivyo. Watu ninao, ndiyo. Wa kunirudisha sina.

Umesema kazi inahamia tena na hujachagua nyumba. Basi nisikilize. Kabla hujatia sahihi, acha gari. Simama mlangoni, utembee kwa mwendo wa Mama, na goti lake, ukatafute mahali ambapo mtu anaweza kusimama na mgeni wake wakaagana: kivuli, benchi, kiduka, chochote, na kutoka hapo uone mlango wako. Usipopapata usinidanganye, maana nitakuja kukagua. Ukipapata nitamleta mwenyewe, wala sitakunja uso. Na siku nitakapoondoka, gari lako lingoje kwanza. Nisindikizeni kwa miguu mpaka hapo, wewe na Mama. Tukifika, nitageuka niwarudishe.

Huyo Mama anapanda ngazi, nikamfungulie.

Dada yako,
ambaye bado hajakaa chini