Goti la Mama na Posa ya Daktari

Maryam, acha unachofanya usome hapa!

Unamkumbuka yule daktari aliyemchoma mama sindano ya goti? Goti likavimba kama shelisheli, homa juu. Mama akampigia simu huku analia. Akajibiwa nini? "Ni kawaida, bibi. Vumilia." Akakata. VUMILIA!

Basi leo kaja hapa Kikwajuni, kumposa mdogo wangu Shemsa kwa ajili ya mwanawe! Sura ya mama hata haikumbuki.

"Shikamoo, Bi Ulfat."

Mama kimya. Marahaba hakuitoa, wallahi! Kaunyoosha mguu juu ya mto mbele yake, anamtazama tu.

Jasho likamtoka. "Bibi, tunangoja jibu la posa. Kimya hiki kinatuumiza."

Ndipo mama akafungua mdomo, taratibu:

"Ni kawaida, daktari. Vumilia."